Parokia Nayo Ni Mwajiri

Somo la robo hii kwa kamati za parokia



Taarifa tunazowaletea kila robo hutaja wanafunzi waliolishwa, wagonjwa waliotibiwa na madarasa yaliyoezekwa. Anayepika uji alfajiri, anayefua mashuka ya wodi, anayepanda juu ya kenchi na anayekesha getini hawana safu yao katika fomu. Somo hili ni la kwao. Tunataka kuangalia pamoja jinsi kazi inavyoweza kumuumiza mtu anayeifanya kwa niaba yetu, na nini kamati inaweza kufanya kabla hajaumia. Sheria tutakazozitaja ni za Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao.

Neno "anajitolea"

Ukiuliza katika parokia nyingi tunazozitembelea kwamba wana wafanyakazi wangapi, jibu la haraka ni hili: "Sisi hatuna wafanyakazi, tuna watu wanaojitolea." Kaeni sasa mhesabu. Mlinzi wa usiku yupo. Wapishi wa shule ya awali na wa hosteli wapo. Katibu wa ofisi, muuguzi wa zahanati, mama wa usafi, kijana wa shamba, dereva. Kila mmoja ana saa ya kufika, ana mtu wa kumwagiza, anapewa chochote mwisho wa mwezi, na siku asipoonekana anatumiwa mtu nyumbani kumwulizia. Huyo ni mfanyakazi, hata kama bahasha yake imeandikwa "posho".

Sheria nayo inaangalia hivyo hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kwa kutazama mambo kama vile nani anaamua namna ya kufanya kazi, nani anapanga saa, nani anatoa vifaa, na kama mtu huyo anaitegemea kazi hiyo kwa kipato chake. Jina la malipo halibadilishi kitu. Kujitolea kupo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wanaojitolea: akina mama wanaofagia kanisa Jumamosi na kurudi makwao, vijana wanaobeba mawe siku ya msaragambo. Hata hao wanastahili glovu na maji ya kunywa. Lakini tusilitumie neno hilo zuri kufunika ajira ya miaka saba isiyo na mkataba.

Usiku wa mlinzi

Tukae hapa kidogo, kwa sababu huyu ndiye mtumishi tunayemwona kila siku bila kumwona.

Mlinzi wa parokia kwa kawaida huingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa 12. Kama yuko peke yake, anafanya hivyo siku zote 7, yaani saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Piga hesabu: 84 ukitoa 45 unabaki na 39; kwa wiki nne ni saa 156 za ziada. Mara tatu ya ukomo na zaidi. Aidha, kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tungependa kuona parokia ngapi zina mstari huo katika karatasi ya malipo.

Wapo watakaosema kwamba mlinzi analala. Ndiyo, wengine husinzia, na mwizi akija ndipo tunapowalaumu. Lakini usingizi wa kukaa juu ya kiti, unaokatizwa na kila mlio wa mbwa, haurudishi nguvu mwilini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kupata kiharusi kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa takriban asilimia 17. Walikadiria kuwa mwaka 2016 watu wapatao 745,000 duniani walikufa kwa sababu hiyo. Mlinzi wetu anafanya saa 84, mara nyingi ni mzee wa miaka sitini, na hajapimwa shinikizo la damu tangu aanze kazi, ingawa zahanati ya parokia iko mita hamsini kutoka kibandani kwake.

Kwenye nyanda za baridi kama Njombe na Makete kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Mwezi wa Juni na Julai mlinzi huingiza jiko la mkaa kibandani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asipopata hewa haamki. Koti zito, soksi za sufu, chupa ya chai na kibanda chenye dirisha lisilofungika kabisa ni kinga rahisi kuliko jeneza. Jiko likae nje.

Suluhisho la saa ni mlinzi wa pili. Wakipokezana usiku mmoja mmoja, kila mmoja anapata wastani wa saa 42 kwa wiki. Wiki ya usiku tatu ni saa 36. Wiki ya usiku nne ni 48, na zile 3 zilizozidi zilipwe kama saa za ziada. Zamu hizo ziwekwe katika makubaliano ya maandishi, kwa sababu zinapita saa 9 za kawaida kwa siku. Tunajua mhasibu ameshaguna. Tutarudi kwenye fedha.

Jikoni

Mpishi wa shule anaamka saa tisa usiku ili watoto mia mbili wapate uji saa nne asubuhi. Anasonga ugali katika sufuria linalomfika kiunoni, macho yamejaa moshi, mgongo umeinama, miguu imevaa kandambili kwenye sakafu yenye maji. Tukimwuliza habari za kazi anasema ni nzuri, tunashukuru Mungu. Tukimwuliza habari za kifua ndipo anapoanza kusimulia.

Moshi wa kuni si usumbufu wa macho tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2. Hayo ni ya majumbani. Mpishi wa taasisi anakaa katika moshi kazini na kisha anarudi nyumbani kwenye mafiga matatu. Serikali mwaka 2023 ilitoa agizo kwamba taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziachane na kuni na mkaa, na mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Parokia zenye shule na hosteli zimo katika agizo hilo moja kwa moja. Wakati mnatafuta fedha za gesi au umeme, msiendelee kumwacha mpishi kama alivyo: jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje, madirisha makubwa pande mbili, kuni zilizokauka vizuri. Buti za mpira na aproni nzito kwa kila mpishi. Sufuria la moto libebwe na watu wawili, au bora zaidi lisibebwe kabisa, bali uji uchotwe pale pale. Mama mjamzito asiinue sufuria wala ndoo, na asisubiri kuomba.

Zahanati

Hapa hatutakaa sana, maana wauguzi wanayajua haya kuliko sisi. Kinachokosekana si ujuzi. Ni kamati kuuliza.

Mfanyakazi wa afya akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, kama hajachanjwa, unaweza kufika 300 katika 1,000. Wengi huogopa ile ya kwanza na kuisahau ya pili, ambayo ina chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu baada ya miezi sita. Je, muuguzi wenu amechanjwa? Na yule mama wa usafi anayebeba mifuko ya taka hadi kwenye tanuri? Yeye huchomwa pia, na mara nyingi ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Sindano isifunikwe tena baada ya kutumika. Iingie moja kwa moja kwenye sanduku la usalama, na sanduku lifungwe likijaa robo tatu. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, atoe taarifa siku hiyo hiyo, na aanze dawa za kinga dhidi ya UKIMWI mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Mahali ambapo muuguzi anaogopa kwamba akisema atanyooshewa kidole, saa 72 hupita kimya kimya. Siri na ukarimu wa msimamizi ni sehemu ya tiba.

Juu ya paa

Msemo wetu wa ajali haina kinga una faraja yake msibani. Ukitolewa kwenye kikao cha kamati unakuwa kitu kingine kabisa: unafunga mjadala kabla haujaanza. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke kizuizi kuzunguka paa, na aweke kabla mtu hajaanguka. Maana yake ajali nyingi zina kinga, na mwenye nyumba anaijua.

Parokia moja, ambayo hatutaitaja, ilikuwa inabadilisha paa la jengo la zamani la misheni. Kibarua kijana alikanyaga kipande cha zamani, kikavunjika, akaanguka hadi sakafuni na kuumia uti wa mgongo. Hakukuwa na jukwaa wala mkanda, na ngazi ilikuwa ya miti iliyofungwa kwa kamba za katani. Waumini walionyesha upendo mkubwa: mchango ulipitishwa Jumapili tatu mfululizo, jumuiya ndogondogo zikapokezana kumpelekea chakula. Fedha ziliisha kabla matibabu hayajaisha. Kijana hakuwa na mkataba, fundi mkuu hakuwa amesajiliwa popote, na kila aliyeulizwa alimtaja mwenzake.

Majengo ya namna hiyo yana hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hiyo: vipande vikuukuu vya asbesto huonekana imara lakini havibebi uzito wa mtu. Ya pili haionekani. Asbesto ni nyuzi laini mno zilizochanganywa na saruji. Paa likiwa zima na halijaguswa, nyuzi nyingi hubaki humo ndani. Likikatwa kwa msumeno, likivunjwa kwa nyundo au likitupwa kutoka juu, nyuzi huruka na kuingia mapafuni. Ugonjwa hauji kesho. Makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati fundi ameshasahau alifanya kazi wapi na kamati iliyomwajiri imeshabadilika mara kumi.

Kwa hiyo, mkiwa na jengo la misheni lenye paa la kijivu, lenye mawimbi na lisilo la chuma, msimwite fundi kwanza. Wasilianeni na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) wawaelekeze namna ya kuliondoa na mahali pa kulizika. Kazi hiyo hufanywa paa likiwa limelowanishwa, vipande vikishushwa vizima, wafanyakazi wakiwa na barakoa maalumu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizo. Watoto na wanakwaya wakae mbali. Na vipande vilivyobaki visigawiwe waumini kuezekea mabanda ya kuku, kwa nia njema yoyote ile.

Baada ya ajali, nani analipa

Tangu tarehe 1 Julai 2015 nchi yetu ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mwajiri hujisajili na kuchangia sehemu ndogo ya mishahara anayolipa. Mchango huo ni wake mwajiri. Haukatwi kwa mfanyakazi. Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa unaotokana na kazi, mfuko hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu wa muda au wa kudumu, hutoa huduma za utengamao, na akifariki hugharimia mazishi na kuwalipa wategemezi wake. Linganisheni na bahasha ya Jumapili tatu.

Baadhi ya parokia zinasajiliwa kupitia jimbo. Ni vizuri, lakini ulizeni kama majina ya watumishi wenu yamo kwenye orodha inayopelekwa, kwa maana mlinzi na mpishi ndio wepesi kuachwa. Kwa kazi za ujenzi, mtakeni mkandarasi awaonyeshe cheti chake cha usajili kabla ya kusaini mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, nayo inataka sehemu za kazi zisajiliwe na wafanyakazi wapimwe afya.

Anzisheni pia daftari la ajali. Kaunta buku moja inatosha. Andikeni tarehe, jina, kilichotokea, alichofanyiwa aliyeumia. Andikeni hata zile ndogo: kuteleza jikoni, kuchomwa sindano, tofali lililoanguka bila kumgusa mtu. Baada ya miezi sita daftari litawaonyesha mahali ajali kubwa inapojiandaa.

Kuchoka ambako hakuonekani

Kuna watumishi wasiobeba kitu kizito na bado wanaumia. Muuguzi anayeishi ndani ya uwanja wa zahanati hugongewa mlango saa nane usiku, na saa mbili asubuhi anatakiwa dawatini. Katibu hupigiwa simu na kila mwanakamati, hata siku ya harusi ya dada yake. Katekista anahudhuria misiba minne kwa wiki na hakuna anayemwuliza yeye mwenyewe analia na nani. Dalili tunazijua: hasira za haraka, kusahau, kuumwa kichwa kila mara, na mtu aliyekuwa mcheshi kunyamaza. Wengi wetu huita uvivu, au kupoa kiimani.

Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28 zenye malipo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mama aliyejifungua ana siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua pacha. Si hisani ya paroko wala ya mwenyekiti. Mtumishi anayejisifu kwamba hajawahi kuchukua likizo tangu aanze asipewe zawadi siku ya Wafanyakazi. Apewe barua ya likizo.

Kwa wafadhili

Tunawaandikia ninyi kwa heshima na kwa uwazi. Andiko la mradi linapopunguzwa, mistari inayofutwa kwanza tunaifahamu: mlinzi wa pili, chanjo ya homa ya ini, buti na glovu, kukodi jukwaa la chuma la ujenzi, mchango wa WCF. Hubaki saruji, mabati na kompyuta, kwa sababu hivyo hupigwa picha. Sisi nasi tunaoandaa maandiko hujikuta tunaifuta mistari hiyo kabla hamjaiona, tukidhani haitapendeza. Kuanzia robo ijayo tutaiacha ndani, chini ya kichwa "Usalama na afya ya watumishi", katika kila andiko linalopita kwetu. Tunaomba mtuulize ikikosekana. Na mnapokuja kutembelea mradi, pamoja na kukagua darasa, ombeni kuona jiko na kibanda cha mlinzi.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

Andikeni majina ya wote waliofanya kazi katika parokia yenu mwezi uliopita na kulipwa chochote. Wangapi wana mkataba wa maandishi?

Mlinzi wenu amefanya saa ngapi wiki iliyopita? Nani atakaa getini siku atakapokwenda likizo?

Muuguzi akichomwa na sindano saa tano usiku leo, dawa za kinga ziko wapi, na nauli ya kuzifuata inatoka mfuko gani?

Kuna jengo gani lenye paa la asbesto, na lina nyufa?

Mwalikeni mpishi aje kwenye kikao hiki. Mpeni kiti, na swali la mwisho aulizwe yeye: angeanza kubadilisha nini jikoni?